Jogoo, Boksi la Friji na Jua la Rujewa

Wanaastronomia waliijua ratiba ya jua miaka mingi kabla, hadi sekunde yake. Olasiti, mtaani kwetu Arusha, ilianza kujiandaa Jumatatu jioni, tarehe 29 Agosti 2016, na jua lilikuwa lipatwe Alhamisi.

Si kwamba habari hazikutufikia. Dkt. Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania alikuwa amelieleza jambo hilo mara nyingi kwenye vyombo vya habari: tarehe 1 Septemba mwezi utapita mbele ya jua, na watu wa ukanda mwembamba unaoanzia Ziwa Tanganyika na kushuka kusini-mashariki hadi mpaka wa Msumbiji wataona jua likibaki pete. Rujewa, makao makuu ya Wilaya ya Mbarali mkoani Mbeya, ndiyo iliyotajwa zaidi, maana imo ndani ya ukanda huo na iko jirani na barabara kuu. Tulisikia, tukasema tutaona, maisha yakaendelea.

Aliyetushtua ni dada yangu. Anafundisha jiografia sekondari, na jioni ile alirudi nyumbani na daftari lililojaa michoro ya miduara. Alituambia kwamba hapa Arusha jua litamegwa tu, tena kama tutaliona, kwa sababu Agosti yetu tunaijua wenyewe: Mlima Meru, wenye zaidi ya mita 4,500, unaweza kukaa mawinguni siku nzima usiamini kama upo. Anayetaka pete aifuate iliko. Kisha akamgeukia mumewe.

"Baba watoto, Noah ina mafuta?"

Shemeji yangu alijibu kuwa gari halina mafuta, tairi moja la nyuma limekwisha na Alhamisi ana abiria. Kufikia saa tatu usiku alikuwa chini ya gari na tochi mdomoni.

Dada alitueleza mezani, sahani zikiwa bado hazijatolewa. Jua ni pana kuliko mwezi mara 400 hivi, na pia liko mbali kuliko mwezi mara 400 hivi. Ndiyo maana kwa macho yetu vinakaribia kulingana. Lakini mwezi hauzunguki kwenye duara kamili: kuna siku husogea hadi kilomita 363,000 hivi kutoka duniani, na siku nyingine hufika 405,000. Safari hii ungekuwa mbali kiasi cha kuonekana mdogo, ukafunika asilimia 97 tu ya upana wa jua. Ile inayobaki pembeni, pande zote, ndiyo pete. Mimi nilikuwa nimeyasoma hayo shuleni, lakini usiku ule, na vifuniko viwili vya sufuria vikizungushwa mbele ya taa, niliyaelewa.

Jumanne ilikuwa siku ya vioo.

Kando ya barabara ya Dodoma yuko fundi wa kuchomelea mageti ambaye Olasiti nzima inamjua. Tulipofika kwake asubuhi tulikuta foleni. Vijana wa bodaboda walikuwepo, mama wa genge alikuwepo na mwanawe, hata mlinzi wa jengo la jirani alikuwepo na kirungu chake. Wote walikuwa wameifuata barakoa yake ya kuchomelea. Fundi alikuwa ameikumbatia kifuani.

"Jamani, nisikilizeni," alikuwa akisema. "Alhamisi nyie wote mnaangalia jua kwa kioo changu. Na geti la watu nalichomelea kwa imani?"

Mmoja akapendekeza akodishe kioo kwa dakika. Mwingine akasema yeye hahitaji dakika, sekunde chache tu, aone kisha arudishe. Mama wa genge alishafika mbali zaidi, alikuwa anauliza kama akitanguliza nyanya atawekwa wa kwanza.

Dada alipita katikati yao, akamsalimia fundi kwa heshima, akaomba kioo akitazame. Alikigeuza kuelekea mwanga, akasoma namba iliyochongwa kwenye kona.

"Kumi na moja. Hii haitoshi, fundi."

Fundi alikasirika. "Mwalimu, kioo hiki kimesimamisha nusu ya mageti ya Olasiti!"

"Kwa mageti kinatosha kabisa," dada alimwambia. "Ila moto wako si jua. Jua linataka kumi na nne."

Akawaeleza wote pale pale, na nilipenda jinsi foleni ilivyonyamaza. Nyuma ya jicho kuna utando unaopokea mwanga, na utando huo hauna mishipa ya maumivu. Ukiungua husikii lolote. Unaendelea kuangalia, unafurahi, unarudi nyumbani unakula, na saa kadhaa baadaye ndipo unapoona doa katikati ya kila unachokitazama, na doa hilo huenda lisiondoke tena. Kioo kilichofukizwa masizi ya kibatari hakifai. Miwani ya jua hata ikiwa miwili hadi mitatu haifai. Beseni la maji nalo halifai, ingawa bibi zetu walilitumia, kwa sababu maji yanakurudishia jua lile lile.

Fundi alifikiri kidogo, akakirudisha kioo kwenye barakoa. "Haya, mmemsikia mwalimu. Ofisi imefungwa." Foleni ikaguna. Kisha akatuita pembeni, akatuelekeza duka la vifaa mjini, karibu na soko la Kilombero, na akatoa noti mfukoni. "Mkikuta kumi na nne, naomba na mimi."

Tulizikuta. Kijana wa dukani alipanda ngazi, akapekua rafu ya juu kabisa, akashuka na vipande vichache vilivyojaa vumbi, akashangaa vimepata wateja baada ya kukaa huko muda wote huo. Cha fundi tulimpelekea kabla hatujafika nyumbani. Alikiweka machoni, akaliangalia jua lililokuwa limetoka mawinguni kwa dakika mbili tatu, akacheka peke yake. "Kumbe ni dogo hivi? Na ni la kijani!" Kupitia kioo hicho jua huonekana hivyo, kiduara cha kijani chenye ukingo mkali, na kila aliyekishika siku ile alisema neno lile lile kuhusu udogo wake.

Nyumbani tulimkuta shemeji akiwa na suluhisho lake. Alikuwa ametoa uvunguni bahasha kubwa ya kaki yenye picha zake za eksirei za tangu alipopata ajali ya pikipiki, na alikuwa anazikata kwa mkasi.

"Utaliangalia jua kupitia mbavu zako?" dada akamuuliza.

"Mbavu zenyewe daktari alisema ni nzima."

"Mbavu ni nzima. Macho je?"

Picha zikarudi kwenye bahasha, kasoro ubavu mmoja. Lakini shemeji si mtu wa kukaa bila jukumu, na dada anamfahamu, hivyo alimpa kazi ya kutafuta boksi refu. Alimweleza kanuni: ukitoboa tundu dogo upande mmoja wa boksi na kuweka karatasi nyeupe upande wa pili, jua hujichora lenyewe kwenye karatasi, bila mtu kulitazama. Upana wa picha hiyo ni kama sehemu moja ya 110 ya urefu wa boksi. Boksi la viatu litakupa kitone. Kwa hiyo boksi na liwe refu.

Shemeji aliondoka na kurudi na boksi la friji, tena la milango miwili. Lilikuwa refu kumpita yeye. Alikuwa amelibeba kichwani kutoka dukani, na watoto wa mtaa walikuwa nyuma yake wakiamini dada amenunuliwa friji. Majirani wawili walikuja kumpongeza. Hesabu ya dada ilitoa jua la sentimita moja na nusu na ushee, akaridhika, wakaketi wawili hao na kisu, gundi na karatasi ya jaladi la daftari, wakafanya kazi bila kugombana hadi giza likaingia. Tundu lilitobolewa kwa pini kwenye karatasi ya bati ya kufungia chakula. Dirisha la kuchungulia likakatwa ubavuni, chini kabisa, kwa sababu ambayo dada pekee aliielewa siku hiyo.

Koko, bibi yetu mzaa mama, alikuwa amekaa barazani akitazama yote hayo. Hakuna aliyemuuliza kama anakuja. Jioni alitokea na shuka zake mbili, chupa ya chai, chujio kubwa la bati, na jogoo ndani ya tenga.

"Koko, jogoo wa nini?" nilimuuliza.

Akatueleza. Tarehe 16 Februari 1980 jua lilipatwa kabisa, na kivuli cha mwezi kilikatiza Tanzania kikaingia Kenya. Yeye alikuwa Upareni kwa kaka yake. Saa tano asubuhi giza lilianguka na kuku wakapanda juu ya mti kulala. Lilipotoka tena jua, jogoo aliwika na kuku wakashuka, na wanaume waliokuwa wanapiga kelele kuliko kuku wakajidai hawakuogopa. Wajukuu zake hawajawahi kumwamini. Sasa atawaonyesha.

Dada alifungua mdomo kusema kitu kuhusu nafasi ndani ya gari. Akaufunga. Jogoo akapewa nafasi.

Tuliondoka Jumatano saa kumi alfajiri, boksi likiwa juu ya keria limefungwa kwa kamba za katani. Mlinzi yule mwenye kirungu alitusimamisha tunaingia barabarani. "Mnaukimbia UKUTA?" Swali hilo lilikuwa na maana yake. Chama cha upinzani cha Chadema kilikuwa kimeitisha mikutano na maandamano nchi nzima tarehe ile ile ya 1 Septemba, chini ya jina la UKUTA, polisi walikuwa wameyapiga marufuku, na Arusha ilikuwa inasubiri kwa roho juu. Tena ilikuwa siku ya kuzaliwa kwa Jeshi la Wananchi, lililoanzishwa 1964. Tarehe moja ilikuwa imebebeshwa mambo ya ardhini na ya mbinguni. Tulimwambia mlinzi tunaenda kuangalia jua. Akatazama keria, akatutakia safari njema pamoja na friji letu.

Raha ya kukaa Olasiti ni kwamba barabara inayopita mlangoni ndiyo hiyo hiyo hadi Rujewa. Ni kipande cha njia ile ya zamani ya kutoka Cape Town hadi Cairo: Kisongo, Makuyuni, Babati, Kondoa, Dodoma, Iringa, Makambako. Kilomita takriban 900. Ubaya wake, mwaka ule, ni kwamba baina ya Babati na Dodoma lami ilikuwa bado inajengwa, na kuna sehemu tulikwenda nyuma ya malori tukiongozwa na vumbi.

Mbele ya Babati askari wa usalama barabarani alitusimamisha. Alikagua leseni, bima, kizimamoto. Vyote vilikuwepo. Akatazama juu.

"Hilo boksi lina nini?"

"Halina kitu, afande," shemeji akajibu.

"Mnasafirisha boksi tupu kwenda Mbeya?"

"Ni la kuangalizia jua."

Askari aliinua uso. Jua lilikuwa juu yetu, jeupe, lote, bila wingu. "Jua si hili hapa? Arusha limewaishia?"

Dada aliteremka na kioo chake. Dakika tano baadaye askari wawili walikuwa wamesimama kando ya barabara wakipokezana kumi na nne, mmoja akisema ni la kijani na mwingine akisema acha nione, na lori moja la mahindi lilipita bila kukaguliwa. Tuliruhusiwa kuondoka kwa sharti kwamba tukirudi tupite tuwasimulie.

Kondoa tulipumzika kwa chai. Mzee mmoja aliyevaa kofia nyeupe ya kiua alisogeza kiti chake, tukampa shikamoo, akatuuliza twendako, na tulipomwambia hakushangaa hata kidogo. Aliuliza tu leo mwezi una tarehe ngapi. Hakumaanisha Agosti. Mfunguo Pili ulikuwa unaishia, Mfunguo Tatu ulikuwa mlangoni, na Sikukuu ya Kuchinja ndani yake. "Basi ni sawa," alisema. "Jua halipatwi mwezi ukiwa wa kumi na nne. Hupatwa mwezi unapokufa." Dada alipigwa na butwaa la furaha, kwa sababu alikuwa ametumia kipindi kizima kuwaeleza wanafunzi wake kwamba ni mwezi mchanga pekee unaoweza kusimama baina yetu na jua. Mzee aliendelea: yeye kesho ataswali sala ya kupatwa kwa jua, ambayo ina rukuu za ziada, na akatusimulia kwamba jua lilipatwa siku aliyofariki Ibrahim, mwana mdogo wa Mtume, watu wakasema mbingu zinaomboleza, na Mtume mwenyewe akawakataza kusema hivyo, kwamba jua na mwezi havipatwi kwa kufa wala kuzaliwa kwa mtu yeyote. Koko alimsikiliza kwa makini. Kisha akamuuliza kuhusu kuku. Mzee naye alisema mwaka 1980 aliyasikia hayo ya kuku, na Koko akatutazama wajukuu zake mmoja mmoja.

Daraja la Mtera tulilikuta jioni. Wauza samaki walilizunguka gari, na wa kwanza hakutaja bei ya perege, aliuliza friji tunauza shilingi ngapi. Maji ya bwawa lile huzalisha umeme, na sehemu yake kubwa huletwa na Ruaha Mkuu kutoka bonde la Usangu, kule kule tulikokuwa tunakwenda. Redio ikatangaza kwamba UKUTA umeahirishwa kwa mwezi mmoja. Shemeji akasema, basi limebaki jua tu, na hilo haliahirishwi.

Iringa tulilala gesti, ikiwa tunaweza kuita kule kulala. Mhudumu alikataa jogoo asiingie chumbani, tukamwacha ndani ya gari, na saa nane usiku aliwika kwa nguvu iliyoamsha kila mgeni. Milango ilifunguka, watu wakatoka na mashuka. Kumbe wengi wao walikuwa wanakwenda Rujewa! Kulikuwa na walimu, kulikuwa na familia kutoka Dar es Salaam, kulikuwa na wanachuo waliobanana kwenye gari dogo, na wote walikuwa wamepanga kuamka saa tisa. Jogoo aliwapa muda wa kuoga. Uwanjani pale, kwenye baridi ya Iringa, watu wakaanza kuonyeshana vifaa vyao kwa mwanga wa simu. Wanachuo walikuwa na miwani halisi ya karatasi, moja kwa watu watano. Familia ya Dar ilikuwa na diski za zamani za filamu. Dada alizikusanya kwa upole, akawaahidi nafasi kwenye boksi.

Makambako ilitupokea kwa upepo. Kamba moja ya katani ilikatika na boksi likasimama wima juu ya keria, na kwa muda gari lilikuwa na tanga. Shemeji aliliwahi. Tulilifunga upya kwa kanga ya dada na shuka moja la Koko, tukashuka kuelekea Igawa huku joto likirudi kidogo kidogo, hadi tukaiona Usangu imelala chini, tambarare, mpunga umeshavunwa, mashamba yamebaki mabua.

Rujewa ilikuwa imefurika. Magari yalijipanga kando ya njia, wanafunzi wenye sare walitembea kwa makundi, wafugaji wa Kisukuma walisimama na fimbo zao, watalii walikuwa wanafunga kamera kwenye miguu mitatu, na akina mama wenyeji waliokuwa na akili ya biashara walikuwa wameshaleta masufuria ya wali. Tulipata nafasi kwenye uwanja wa wazi karibu na mwarobaini mkubwa. Hapo ndipo nilipoielewa busara ya lile dirisha la chini. Mwanzoni mwa Septemba, mchana wa Mbarali, jua linakuwa karibu utosini. Boksi halilazwi, husimamishwa. Shemeji aliliegemeza kwenye bampa, akaliinamisha kidogo kidogo hadi kitone cha mwanga kikaingia kwenye karatasi nyeupe chini, na kuanzia hapo aliyetaka kuliona jua alilazimika kupiga magoti.

Baada ya saa nne asubuhi mtu wa kwanza akapiga kelele. Nilitazama kwa kioo. Ukingo wa jua la kijani ulikuwa umeguswa, alama ndogo sana, unaweza kuidhania uchafu wa kioo. Baada ya dakika kumi hakuna aliyedhania tena.

Nilipenda sana muda ule mrefu wa kumegwa, zaidi hata ya nilivyotazamia. Mbele ya boksi letu ilijengeka foleni iliyoipita ile ya fundi wa Olasiti. Wazee walipiga magoti wakisaidiwa na wajukuu, wakaingiza vichwa, na sauti zikatoka ndani ya boksi zikiwa nzito: "Loh!" Watoto walipiga magoti mara mbili mbili, wakizunguka nyuma na kujifanya wapya. Shemeji alikuwa msimamizi. Kila dakika chache jua lilihama na yeye alilisogeza boksi kwa vidole viwili, akitangaza, "Subirini, nalirudisha," na nafikiri kuna watoto wa Rujewa wanaoamini hadi leo kwamba siku ile jua liliendeshwa na mtu wa Arusha.

Lakini kifaa bora kuliko vyote kilikuwa chujio la Koko. Alikuwa amelileta kwa ajili ya chai. Alilinyanyua kujikinga uso, na binti mmoja aliyekaa miguuni pake akasema, "Bibi, angalia shuka lako." Kila tundu la chujio lilikuwa limechora jua lake. Juu ya shuka jekundu palikuwa na vimwezi vingi sana, vyote vimemegwa upande mmoja, vimejipanga kwa safu kama matundu yenyewe. Koko alilisogeza chujio juu, vikakua. Alilishusha, vikapungua. Tukageuka, tukaona kwamba mwarobaini nao ulikuwa unafanya hivyo hivyo tangu saa nzima: kila mwanya wa majani ulimwaga kimwezi ardhini, uvumbini, migongoni mwa watu, kwenye kipara cha mzee mmoja. Tulikuwa tumesafiri na boksi refu kuliko mtu, na mti ulikuwa unatoa picha hizo bure. Dada alianza kucheka, kisha macho yakamjaa machozi, akaenda kuwaita wanafunzi wasio wake, akawasimamisha chini ya mti, akaanza kufundisha.

Saa sita ilipokaribia upepo ulibadilika, ukawa baridi. Mwanga ulipungua bila kuwa wa jioni: haukuwa mwekundu, ulikuwa na rangi ya fedha, na vivuli vya vidole vyetu vikawa vyembamba na vikali. Kelele zikapungua, kisha zikapanda zote kwa pamoja. Niliweka kioo machoni. Zile ncha mbili za jua zilikuwa zinakimbizana kuuzunguka mwezi, zikakutana, na pete ikafunga.

Ilidumu kwa muda usiofika dakika tatu na nusu. Nilimpa kioo mama wa wali aliyekuwa jirani yangu. Alitazama, akanirudishia bila kusema, akanishika mkono. Niliangalia tena. Wembamba wa ile pete ulikuwa sawasawa pande zote, hakuna sehemu nene, na katikati palikuwa peusi kabisa. Ndani ya boksi ilikuwepo, ndogo na nyeupe, na shemeji naye sasa alikuwa amepiga magoti na kukataa kutoka. Juu ya shuka la Koko zilikuwepo pete tele, na Koko alikuwa anajaribu kuzivisha vidoleni.

Ndipo mtu akakumbuka jogoo.

Tulimgeukia sote, na watu wa Iringa waliokuwa na deni naye la usingizi wakasogea pia. Jogoo alikuwa anadonoa punje za wali zilizoanguka. Hakulala, hakuwika, hakuinua hata kichwa. Pete ikakatika upande mmoja, mwanga ukaanza kurudi, na yeye alikuwa amefika kwenye sufuria la jirani.

"Huyu ni jogoo wa mjini," Koko alisema kwa huzuni.

Dada alikaa chini karibu naye, akamshika goti. Alimwambia Koko kwamba yeye hakukosea, na jogoo naye hakukosea. Mwaka 1980 mwezi ulikuwa karibu, ukalifunika jua lote, na giza likaja. Leo umeacha ukingo, na ukingo ule, ambao ni asilimia tano tu ya uso wa jua, unatosha kumwangazia jogoo chakula chake. Kuku wa Upareni walilala kweli. Koko alitaka arudie maneno hayo kwa sauti ili wajukuu wote wayasikie, na dada akayarudia.

Watu wengi waliondoka pete ilipovunjika. Dada alikataa kuondoka hadi mwezi utoke wote, jambo lililochukua karibu saa mbili nyingine, na muda huo tuliutumia kula wali wa yule mama, na kumsaidia shemeji kuchagua mchele, maana hakuna mtu anayefika Mbarali na gari akarudi bila gunia. Boksi la friji lilichukuliwa na watoto. Mara ya mwisho nililiona likielekea mjini lina miguu minane.

"Sasa lile la giza linakuja lini?" Koko aliuliza tulipokuwa tunapanga mizigo.

Dada alifungua daftari. Hapa kusini pete nyingine ni tarehe 21 Mei 2031. Lakini la kufunikwa lote, tena kwa zaidi ya dakika sita, ni tarehe 2 Agosti 2027, na mahali pazuri pa kulionea ni Luxor.

"Luxor ni wapi?"

"Misri, Koko."

"Na Misri inaendwa kwa barabara gani?"

Dada alisita. "Hii hii tuliyokuja nayo. Ila ukifika Arusha, huteremki."

Koko aliligeukia gari. Shemeji alikuwa juu ya keria, anakaza kamba kwenye gunia la mchele. Alisema mafuta ya kufika huko yeye hana, ila boksi angetafuta.